Damu moja, namba mbili

Nikisema nafanya kazi ya chanjo, watu hudhani naitengeneza. Siitengenezi. Napima damu za waliochanjwa hapa Pemba, nione mwili umejibu vipi, na kwenye kipimo hicho ndiko ushirikiano wa maabara unakosimama au kuanguka.

Chukua kipindupindu, maradhi tunayoyajua vyema visiwani. Kipimo chake hutumia vijidudu hai. Seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, huzimuliwa nusu kwa nusu katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96: moja kwa kumi, moja kwa ishirini, moja kwa arubaini, hadi mwisho wa safu. Kisha kila kishimo hutiwa vijidudu pamoja na komplimenti, protini za damu ambazo aghalabu hutoka kwa simbilisi, ziisaidie kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu, kuua. Tunatafuta kishimo cha mwisho ambamo vijidudu vimekufa, na kiwango chake cha kuzimuliwa ndiyo namba tunayoandika: moja kwa arubaini ni 40. Aliyekuwa na 40 kabla ya chanjo akifika 320, amepanda mara nane. Kuanzia mara nne tunahesabu kuwa mwili umeamka.

Sasa vijidudu vikizidi kidogo tu, namba inateleza. 320 yangu huweza kuwa 80 kwa mwenzangu wa Dhaka, Bangladesh, na damu ni ile ile. Ni kama kila duka la Chake liwe na pishi lake: bei ya mchele utailinganishaje? Ndiyo maana maabara hugawana seramu ya rejea, chupa moja iliyotiwa katika vichupa vingi, na kila sahani lazima iwe nayo. Ikisoma nje ya mipaka tuliyokubaliana, sahani nzima hairipotiwi, hata matokeo mengine yapendeze vipi. Inauma, khasa damu ikiwa ya mtoto mchanga, maana ilikuwa matone tu.

Wakati wa korona, mwaka 2020, CEPI, shirika la kimataifa linalofadhili utafiti wa chanjo za maradhi ya mlipuko, liliunganisha maabara za nchi mbalimbali kwa mpango huohuo: taratibu moja, vitendanishi (kemikali za kupimia) vilevile, ili chanjo za watengenezaji tofauti zilinganishwe. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko mashine mpya. Wafadhili hupenda kununua friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Dizeli ya genereta na mshahara wa fundi wa kulitengeneza hawaviulizii.

Tena maabara peke yake haitoshi. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa katika shehia sita za Unguja na Pemba, na karibu watu 24,000 wakamaliza dozi zote mbili. Kinga ilionekana kuwa asilimia 79, na hata wasiochanjwa walinufaika pale majirani wengi walipochanjwa. Hilo lisingejulikana bila kuhesabu nani anaishi wapi na nani kanywa, na bila kuotesha vinyesi vya waliofika kituoni wanaharisha. Masheha na wahudumu wa vituo ni sehemu ya mtambo huu, ingawa hawaandikwi kwenye bajeti ya vifaa.

Linabaki suala la sampuli kuvuka bahari. Kamati ya maadili huuliza zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Mimi mkataba ukinifikia, huanza na vifungu viwili: nani anabaki na nakala ya data, na sampuli zikibaki baada ya utafiti zitatumika kwa ruhusa ya nani. Kama havipo, naurudisha kabla sijagusa friza.