Shangazi aliyesimama mwisho wa safu

Chumba kilikuwa Mkunazini, Unguja mjini, ghorofa ya pili, siku ya harusi. Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, maana dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Niliubana mgongo ukutani, nikafunga lenzi pana ya milimita 24 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi) ili watu wote tisa waingie, nikapiga. Picha ziliposafishwa, shangazi wa bi harusi, aliyesimama mwisho kabisa wa safu, aliishika ile ya pamoja akaitazama sana. "Mwanangu," akanambia, "huyu uliyemtia hapa ni nani?"

Alisema kweli. Ni mama mwenye uso mwembamba, nami nilikuwa nimemvuta ubavuni mpaka shavu moja limelishinda jengine. Swali lile linaniuma hadi leo, kwa sababu wajukuu zake watamjua kwa picha ile.

Lenzi yangu ilikuwa nzima. Kilichotokea unaweza kukiona mwenyewe usiku umeme ukikatika. Washa tochi ya simu, ielekeze ukutani, kisha weka chungwa kati ya taa na ukuta. Kivuli ni duara. Sasa lisogeze chungwa ubavuni, sambamba na ukuta, taa ibaki palepale. Kivuli kinarefuka kama yai, na kila ukizidi kulitoa katikati nalo yai linazidi. Kamera inachora hivyohivyo kwenye sensa yake, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, na kichwa cha binadamu ni kitu cha mviringo kama chungwa. Picha iliyotundikwa kwenye ukuta wa nyuma ya watu ni bapa, kwa hiyo hata ikiwa pembeni hubaki na umbo lake. Ndiyo maana jicho linashtuka: chumba kimenyooka, watu wamevutika.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa sensa yenye upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 24 inamwona mtu wa ukingoni kwa pembe ya karibu digrii 37 kutoka katikati, na kichwa chake hurefuka kuelekea nje kwa robo nzima. Ukitumia lenzi ya milimita 35, ongezeko ni kama asilimia 12. Kwa milimita 50 ni asilimia 6, na hapo hakuna shangazi atakayelalamika. Kumgeuza uso aitazame kamera hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kupunguza pembe: panga safu mbili badala ya moja, waliokaa mbele, waliosimama nyuma.

Picha ikishapigwa, wengi wetu hukimbilia Lightroom, programu ya kuhariri picha, na kubonyeza marekebisho ya lenzi. Hapa ndipo nataka vijana wanaoanza kazi hii wanisikilize. Marekebisho yale yanaondoa mpindo wa pipa, yaani ule unaofanya mlango na nguzo zitune kuelekea nje. Mistari inanyooka, lakini gharama yake ni kuzivuta zaidi kona za picha, na nyuso zilizoko huko zinavutwa pamoja nazo. Mistari iliyonyooka na vichwa vya mviringo havipatani kwenye lenzi pana. Mimi picha ikiwa na watu, kile kitelezi cha mpindo nakirudisha nyuma kutoka 100 hadi 40 au 50. Mlango ukibaki umetuna kidogo, hakuna anayeugombania.

Kisha naingia kwa kila uso wa pembeni, naubana kwa ule mwelekeo uliovutwa tu. Programu ya DxO ViewPoint ina sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Mwaka 2019 watafiti wa Google, YiChang Shih na wenzake, walionesha namna simu inavyoweza kuifanya yenyewe: programu inatafuta nyuso, inazichora kwa namna inayohifadhi umbo la kila uso, halafu inaziunganisha taratibu na mandhari ambayo mistari yake imeachwa imenyooka.

Kuna ubaya wa pili, na huo hauponi kirahisi. Binti mmoja aliniletea picha ya uso aliyojipiga kwa simu, akaniomba nimpunguzie pua. Pua yake haikuwa na kasoro yoyote. Simu ilikuwa sentimita 30 kutoka usoni. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni kama sentimita 12, kwa hiyo masikio yalikuwa kwenye sentimita 42, na pua ikachorwa kwa kipimo kikubwa kuliko masikio kwa asilimia 40. Kwa mita moja na nusu, tofauti hiyo inabaki asilimia 8. Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu kama hii: picha ya inchi 12 inaonesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya futi 5. Walifanya hivyo kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiwaendea kutaka upasuaji wakiwa na selfi mkononi.

Kwenye kompyuta ningeweza kuibana pua ile, lakini masikio yalikuwa yamejificha nyuma ya mashavu, na kisichoonwa na kamera sina pa kukitoa. Nilimwomba asimame karibu na dirisha, nikarudi nyuma hatua tatu, nikampiga upya kwa lenzi ya milimita 85. Alipoiona akaniuliza nimeifanya nini pua.

Siku hizi nikiitwa nyumba za Mjini, kwanza natazama mlango uko wapi. Naomba ufunguliwe, nasimama nje ukumbini, mara nyengine kwenye ngazi, na kupiga kwa milimita 50 kupitia uwazi ule. Picha ya Mkunazini niliibana upya uso kwa uso, nikaipeleka kwa shangazi mwenyewe bila malipo. Safari hii aliuliza mbona kilemba cha kaka yake kimekaa upande, nikamwambia hicho kilikuwa upande kweli.