Ukame wa mabao ni nini, na unatoka wapi

Ukame wa mabao ni kipindi ambacho timu, au mshambuliaji mmoja, hucheza mechi kadhaa mfululizo bila kufunga, au hufunga machache kuliko nafasi inazopata. Hicho kipande cha mwisho ndicho husahaulika. Timu iliyotoka sare tasa mara tatu huku ikipiga shuti moja la maana kila mechi haina tatizo la straika. Mpira haumfikii. Ungemweka hata Michael Olunga, straika nyota wa Kenya, pale mbele, angemaliza dakika 90 amegusa mpira mara chache, na nyingi kati ya hizo akiwa ameligeuzia lango mgongo.

Hapo ndipo vilabu vingi vya huku magharibi mwa Kenya hupotea njia. Matokeo yakichacha, majukwaa ya viwanja vya Bukhungu, Kakamega, na Mamboleo, Kisumu, hupaza sauti moja: leteni straika! Dirisha la uhamisho likifunguliwa, straika analetwa, na baada ya mechi sita naye anazomewa kama aliyemtangulia.

Basi kuna ukame wa nafasi, na kuna ukame wa umaliziaji. Katika ule wa kwanza mpira haufiki eneo la hatari. Katika wa pili unafika lakini hauingii. Kwa macho ya shabiki vyote viwili ni 0-0. Kuvitenganisha hakuhitaji kompyuta. Chukua daftari, chora kisanduku kikubwa (mita 16.5 kutoka mstari wa goli), kijisanduku cha ndani (mita 5.5) na alama ya penalti (mita 11). Kila timu yako inapopiga shuti, weka X pale mpigaji aliposimama, na si pale mpira ulipoishia. Bao lizungushie duara. Pigo la kichwa litofautishe, kwa sababu kutoka umbali uleule kichwa hufunga mara chache kuliko mguu. Penalti ziandike pembeni kabisa. Fanya hivyo kwa mechi kumi ndipo uanze kutoa hukumu.

Uzito wa kila X haulingani. Takwimu za ligi kubwa, ambazo ndizo msingi wa hesabu ya mabao yanayotarajiwa (ile inayokadiria uwezekano wa kila shuti kuwa bao), zinaonyesha kwamba kwa wastani karibu shuti moja kati ya kumi huwa bao. Penalti huingia zaidi ya mara saba katika kumi. Shuti la mguu kutoka katikati ya kisanduku, karibu na alama ya penalti, huingia kama mara moja katika tano au sita. Ukisogea pembeni mwa kisanduku, thamani hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, kwani lango la mita 7.32 huonekana jembamba ukiwa kwenye kona kali na kipa hulifunika bila shida. Nje ya kisanduku unahitaji mashuti kama thelathini kupata bao moja. Lile kombora la mita 25 ambalo jukwaa zima husimama kulishangilia likigonga mwamba, kwa kawaida ni mpira uliopotezwa.

Sasa soma daftari lako. Kama X za katikati ya kisanduku hazifiki mbili kwa mechi na nyingine zote zimetawanyika nje, usimguse straika. Nenda kwa viungo na mawinga. Lakini kama namba tisa wako amepata mashuti ishirini mazuri ya katikati katika mechi kumi na amefunga moja tu, hapo ana maswali ya kujibu. Mmaliziaji wa kawaida angetarajiwa kufunga manne hivi, na uwezekano wa huyo wa kawaida kuambulia moja au sufuri kwa bahati mbaya tu ni kama asilimia saba.

Bahati yenyewe ina mkono mrefu kuliko makocha wengi wanavyokubali. Chukua straika mzuri, mashuti matatu kila mechi, kila shuti likiwa na uwezekano wa asilimia 12. Uwezekano wa kukaa mechi tano bila bao ni asilimia 15 hivi, takriban mara moja katika saba. Msimu wa timu 18 una mechi 34, kwa hiyo mfungaji wa aina hiyo akipitia kipindi kama hicho mahali fulani katika msimu, hakuna cha ajabu. Kumtupa benchi mechi ya nne na kumrudisha ya saba ni kuadhibu hesabu. Tena huvunja maelewano: winga anayejua mwenzake hukimbilia mlingoti wa karibu hupiga krosi bila kuinua macho, lakini akiwekewa sura mpya kila Jumapili itambidi aangalie kwanza, na kufikia hapo beki ameshajipanga.

Ukame wa nafasi, kwa timu nyingi za huku, huanzia kwenye njia ya mpira. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikinyesha, nyasi zinakuwa nzito, pasi fupi inakwama, na timu inaanza kurusha mipira mirefu kutoka kwa kipa. Si kosa, mradi kuna mtu wa kuokota mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombaniwa hewani. Mara nyingi hayupo. Straika anaruka na mabeki wawili, anaugusa kwa kichwa, unaanguka mita nane nyuma yake mahali ambapo kiungo wa karibu yuko mita ishirini. Mpinzani anauchukua bila jasho. Dawa ni kusogeza kiungo mmoja hadi mita 10 nyuma ya straika kabla kipa hajaupiga, na winga wa upande wa pili aingie ndani badala ya kubaki kwenye mstari wa pembeni.

Halafu kuna krosi. Krosi ya juu kutoka mita 30 ni zawadi kwa beki wa kati: anaona mpira na mtu kwa pamoja, na anakuja akiuelekea. Ile inayoua ni pasi ya kurudisha nyuma kutoka mstari wa mwisho. Itazame kwa ukaribu. Winga anapofika mstari wa mwisho, kipa hulazimika kushika mlingoti wa karibu, na mabeki wote wanakimbia wakielekea lango lao wenyewe macho yakiwa kwenye mpira. Straika mchanga hukimbia nao hadi kwenye kijisanduku na kufunikwa. Straika mjuzi hukimbia hatua tatu nao, anafunga breki, anarudi hatua mbili. Ghafla amesimama peke yake karibu na alama ya penalti, mpira unamjia ukiviringika chini, lango lote liko mbele yake. Anahitaji mguso mmoja. Beki hawezi kugeuka kwa wakati, na hakuna kuotea ikiwa mpira umerudishwa nyuma.

Hilo hufundishika, ila si kwa zoezi linalopendwa sana viwanjani kwetu: foleni ya wachezaji kumi ukingoni mwa kisanduku, kocha anawasukumia mpira, kila mmoja anapiga apendavyo, kipa anachoka, kila mtu anacheka. Kwenye mechi hakuna anayepewa sekunde tatu na nafasi isiyo na beki. Weka winga mstari wa mwisho, straika aanzie nje ya kisanduku, beki amfuate nusu mita nyuma, na kila umaliziaji uwe wa mguso mmoja. Seti nne za mipira mitano, dakika moja ya kupumua katikati, upande wa kulia kisha wa kushoto. Mara mbili kwa wiki. Fanya mwishoni mwa mazoezi pia, miguu ikiwa imechoka, maana nafasi za dakika ya 80 hupatikana katika hali hiyo.

Ukishahakikisha kwamba kweli unahitaji mtu mpya, usinunue idadi ya mabao. Toa penalti kwanza, kisha gawanya kwa dakika. Mwenye mabao 9, manne ya penalti, katika dakika 2,100, ana 0.21 kwa kila dakika 90. Mwenye mabao 6 yasiyo na penalti katika dakika 1,080 ana 0.5. Wa pili ndiye mali, na huenda bei yake ni ya chini kwa sababu jina lake halijavuma.

Na wala mfungaji bora si tiketi ya ubingwa. Katika Ligi Kuu ya Kenya ya mwaka 2015, Jesse Were wa Tusker alitwaa kiatu cha dhahabu kwa mabao 22, lakini taji lilikwenda kwa Gor Mahia bila kupoteza mechi, Olunga wao akiwa na 19. Msimu wa 2022/23 Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga 27 na kuvunja rekodi ya 26 ambayo Maurice Ochieng "Sonyi" aliiweka mwaka 1976. Benson Omala wa Gor Mahia alikuwa na 26, na kombe likaenda tena kwa klabu hiyo, K'Ogalo.

Rupia huyohuyo anafafanua sababu nyingine ya ukame ambayo haina uhusiano na uwanja. Mwaka 2018 aliondoka Nzoia Sugar katikati ya msimu kwenda Zambia akiwa kwenye moto wa mabao, na mwaka 2021 akaondoka AFC Leopards kwa njia hiyohiyo kwenda Saudi Arabia. Klabu isiyo na fedha haiwezi kukataa ofa kama hizo, na mishahara ikichelewa mchezaji mwenyewe ndiye atakayeomba kwenda. Inachoweza kufanya ni kumwandaa mrithi mapema: kijana wa akiba aingizwe dakika 20 za mwisho kila timu inapoongoza, acheze namba tisa na si pembeni, ili siku ndege ya mwenzake inapopaa awe tayari ana dakika 300 au 400 za ligi miguuni.