Safari ya gari kandokando ya bahari: anza na chakula cha jioni

Karibu kila mtu anayenijia nimpangie safari ya barabara ya pwani huja na karatasi ileile. Siku ya kwanza kilomita 250, siku ya pili 300, siku ya tatu 280, na mwisho wa kila mstari jina la mji. Siku hizi sibishani na kilomita. Huisoma karatasi, nikairudisha mezani na kuuliza: siku ya pili, saa mbili usiku, mtakuwa mnakula wapi? Hapo ndipo mke humtazama mume.

Swali hilo lina sababu yake. Mji wa bara una miji jirani pande zote. Ukikuta jiko limefungwa unakata kushoto, ukikosa unakata kulia. Mji wa pwani nusu ya ujirani wake ni maji. Miji inayobaki ni miwili: ule ulioupita na ule ulio mbele. Ukikosa chakula au kitanda hapo, kilichobaki ni kusonga mbele gizani au kurudi ulikotoka kwa kona zilezile. Kwa hiyo makosa ambayo bara yanakugharimu robo saa, pwani yanakugharimu usiku mzima.

Halafu kuna mwendo. Barabara ya pwani haiendi, inazunguka. Inaingia ndani kufuata hori, inavuka daraja, inatoka tena hadi kwenye rasi, na kila penye mandhari kuna gari mbele yako limepunguza mwendo ghafla. Mimi huchukua muda unaotajwa na ramani ya simu na kuuongeza nusu yake, kisha ndipo nahesabu vituo. Sehemu ya Big Sur kwenye Highway 1 ya California, kutoka Carmel hadi San Simeon, ni kama kilomita 145. Kwenye barabara kuu ya bara hiyo ni safari ya kabla ya chakula cha mchana. Pale mimi humpa mtu siku nzima, na bado hunipigia akisema hakuona kila alichotaka.

Barabara hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Tarehe 20 Mei 2017 mlima uliporomoka mahali panapoitwa Mud Creek ukaifukia, na haikufunguliwa hadi Julai 2018. Mwezi Januari 2021 mvua kubwa ikakibeba kipande kizima pale Rat Creek. Kilitengenezwa na kufunguliwa Aprili. Ukiwa na kitanda ulichokilipia upande wa pili wa poromoko, ile kilomita moja mbele yako inageuka saa kadhaa za kuzunguka bara. Ndiyo maana penye miamba mirefu na mvua nyingi nakubali kulipa zaidi kidogo kwa chumba kinachoruhusu kughairi bila faini, na hali ya barabara naiangalia jioni iliyotangulia, kabla ya kulala. Asubuhi ya safari ni kuchelewa, maana huko mbele mtandao wa simu huenda usiwepo.

Sasa kanuni yangu yenyewe: kitanda kiwe umbali wa kutembea kwa miguu kutoka meza ya chakula cha jioni. Nikishalifunga hilo, mengine hujipanga. Mchana unaweza kula popote, hata juu ya boneti ya gari. Jioni mambo ni tofauti. Umechoka, jua limezama, barabara haina taa, upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande wa pili hakuna kitu. Dereva akitaka kunywa chochote, shauri limekwisha. Watu huniambia, "Ni dakika ishirini tu kutoka mgahawani hadi hotelini." Dakika ishirini za mchana, ndiyo.

Kwa hiyo ramani yangu ya kwanza haina hoteli hata moja. Ina majiko. Natafuta mahali ambapo majiko matatu au zaidi yako karibu karibu, na yanapika jioni ya siku ile hasa tutakayofika. Hapo ni pa kulala bila wasiwasi. Penye jiko moja nalala tu kama nimeshaweka meza, kwa sababu likijaa au mpishi akiugua, mchezo umekwisha. Pasipo na jiko ni pa kupita, hata pawe pazuri namna gani. Kaskazini ya Scotland, kwenye mzunguko uliotangazwa mwaka 2015 kwa jina la North Coast 500, wenye urefu wa kilomita 830 hivi, kuna sehemu ndefu ambazo barabara ni ya gari moja na magari hupishana kwenye vituo vilivyopanuliwa. Vijiji ni vidogo na viko mbali mbali. Ukipanga pale kwa kilomita utalala na biskuti. Najua ladha yake. Mwaka niliokuwa naanza kazi hii nilifika mahali fulani saa tatu kasoro usiku, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba jiko limefungwa nusu saa iliyopita. Nilikula karanga za kwenye droo ya chumba, na zenyewe nililipishwa.

Saa za jiko na saa za mlango si kitu kimoja. Mlango unaweza kuwa wazi hadi saa tano usiku na jiko likawa limezimwa saa mbili na nusu. Ukipiga simu usiulize "Mnafunga saa ngapi?" Uliza "Mnapokea oda ya mwisho saa ngapi?" Uliza pia siku ya mapumziko. Sehemu ndogo za pwani hupata pesa zao mwisho wa wiki, kwa hiyo nyingi hupumzika siku ya kwanza au ya pili baada yake, na wote wakipumzika siku moja kijiji kizima hakina chakula. Nje ya msimu zipo zinazofunga miezi kadhaa. Maoni ya wateja mtandaoni nayasoma, ila naanza na tarehe kabla ya nyota. Nyota tano za miaka mitatu iliyopita hazinipi ugali wa leo.

Kwenye vyumba, mtego mkubwa ni umbali. Tovuti za kuweka nafasi mara nyingi huhesabu umbali kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Pwani mstari huo huvuka maji. Niliwahi kuwapangia wazee wawili, nikaona hoteli "kilomita 2 kutoka katikati ya mji". Kweli ilikuwa kilomita 2. Taa za mji waliziona dirishani, ng'ambo ya hori. Kwa barabara zilikuwa 27, na kivuko cha mwisho kilikwishaondoka. Tangu siku ile sikubali chumba kabla sijaichora njia ya gari kutoka mlangoni pake hadi mezani.

"Mandhari ya bahari" ni maneno mapana. Kuna chumba kinachoitazama bahari, na kuna chumba ambacho ukisimama kwenye kona ya baraza na kuegemea nje utaiona. Omba picha iliyopigwa kutoka kitandani. Uliza pia dirisha limeelekea wapi. Likielekea magharibi utapata machweo, na utapata pia chumba kilichookwa na jua tangu alasiri. Na zipo pwani ambako hata hilo halikusaidii: maji baridi yanayopanda kutoka vilindini mbele ya California hutengeneza ukungu mzito wakati wa kiangazi, na unaweza kulipia mandhari ya bahari ukatazama ukuta mweupe hadi saa sita mchana. Hapo nyumba iliyo juu kidogo ya kilima hushinda ile ya ufukweni, kwa sababu ukungu hulala chini.

Mawimbi usiku ni mazuri kwa baadhi ya watu. Mimi hunifanya nikeshe. Ukijijua una usingizi mwepesi, omba chumba cha upande wa bara na uichukue bahari mchana.

Maji yenyewe yana ratiba yake. Hujaa na kupwa, pwani nyingi mara mbili kwa siku, na ratiba husogea mbele takriban dakika 50 kila siku kwa sababu mwezi nao unasogea. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Kama umeegesha gari kwenye mchanga, au chakula chako kiko mahali pa kufikiwa kwa kuvuka, huo si ushairi tena. Njia ya kwenda kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, hufunikwa na maji mara mbili kila siku, na magari bado hunaswa. Anayetaka kula chakula cha jioni upande ule aangalie jedwali la maji kwanza, kisha aamue analala upande gani.

Upepo pia una saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Upepo huo huanza kuelekea adhuhuri, hukaza alasiri, hutulia jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo meza ya nje ya saa tisa mchana ni meza ya kukimbizana na leso na kula mchanga. Kifungua kinywa ndicho cha nje. Nikiwa na bajeti ya mlo mmoja tu mbele ya maji, nautumia asubuhi.

Kuhusu samaki niseme wazi: ukaribu na bahari hauhakikishi chochote. Upepo mkali ukivuma siku mbili mfululizo mashua ndogo haziendi, na "samaki wa leo" siku hiyo ametoka kwenye friza. Si dhambi, ila bei iwe ya friza. Samaki aliyetoka majini karibuni ana jicho angavu lililotokeza, mashavu yake ndani ni mekundu, na harufu yake ni ya bahari. Wanapomuuza kwa uzito, apimwe mbele yako na bei itajwe kabla hajaguswa na moto. Nimeona bili nyingi zikiharibu usiku kwa sababu ya gramu 900 ambazo hakuna aliyeziuliza. Jodari na vibua wanahitaji tahadhari zaidi. Wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu iitwayo histamini, na moto hauiondoi. Ukionja ukali kama wa pilipili mahali ambapo haikutiwa, acha sahani. Chaza na kome nao hukusanya sumu ya mwani baharini ambayo kupika hakuiui. Penye kibao cha kukataza kuokota, usiokote. Kuumwa tumbo nyumbani ni jambo moja, kuumwa ukiwa na kona 200 mbele yako ni jingine.

Upande wa kuelekea nao unahusu chakula, ingawa wengi hawalifikirii. Ukiendesha kwenye mkondo ulio upande wa bahari, unaingia na kutoka kwenye vituo na migahawa ya ufukweni bila kukatiza magari yanayokuja. California, ambako gari hukaa kulia, hiyo ni kushuka kusini. Kwenye Great Ocean Road ya Australia, iliyojengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi vitani, gari hukaa kushoto, kwa hiyo ni kuanzia Torquay kuelekea magharibi. Ubaya wake ni kwamba alasiri jua linakupiga usoni. Basi kula mchana mapema, fika mapema.

Mahali penye msongamano, uliza kanuni za magari kabla ya kulipia chumba. Pwani ya Amalfi, Italia, tangu 2022 msimu wa wageni wengi una siku ambazo magari ya wasio wakazi huruhusiwa kupita kwa zamu, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba ya gari. Unaweza kuwa na chumba, meza na gari, ukakosa ruhusa ya kufika. Uliza na maegesho: yapo, yako umbali gani, na kutoka hapo ni ngazi ngapi hadi chumbani ukiwa na masanduku.

Nilivyozoea, safari ya siku tatu huigeuza kuwa vitanda viwili: usiku mmoja hapa, miwili pale penye majiko mengi. Siku ya katikati gari linapumzika au linakwenda bila mizigo. Wale wa 250, 300 na 280 wakaishia na 140, 30 na 170. Walilalamika kwamba nimewafupishia safari. Niliwaambia wanaweza kuzirudisha kilomita zao wakitaka, ila kwanza wajaze ile nafasi ya saa mbili usiku.

Na nyuma ya kiti cha dereva huweka kikapu, hata nikiwa na meza zote mkononi: maji, mkate, matunda, kitu chenye chumvi, tochi, na kisu. Kisu ndicho wanachosahau wote.