Mchicha kila siku, mbona damu iko chini? Maswali ya wazazi kuhusu madini ya chuma

Maswali haya huulizwa na wazazi wa shule za msingi, hasa kwenye vikao vya kuchangia chakula cha mchana. Majibu yanalenga jiko la kawaida la Tanzania: ugali, maharage, mboga za majani, na dagaa pesa ikipatikana.

Madini ya chuma yana kazi gani kwa mwanafunzi?

Karibu theluthi mbili ya chuma cha mwilini kimo kwenye himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kikipungua, mwili hutumia kwanza akiba yake. Akiba ikiisha ndipo wingi wa damu hushuka. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa ameanza kudhoofika na kipimo bado hakijaonyesha kitu.

Nitamtambuaje mwenye upungufu?

Mara nyingi ni yule anayeitwa mvivu. Anaachwa nyuma kwenye mchakamchaka, anasinzia kabla ya mapumziko, wenzake wakicheza yeye amekaa kivulini. Mvute kope la chini uangalie: ndani pakiwa pamepauka badala ya kuwa pekundu, au viganja vimekuwa vyeupe, mpeleke akapimwe. Mwingine hutafuna udongo, chaki au mchele mbichi. Huyo usimchape, mpeleke kituo cha afya.

Jicho hukosea, kipimo cha wingi wa damu ndicho kinachoamua. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 5 hadi 11 anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa na himoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita ya damu, na wa miaka 12 hadi 14 akiwa chini ya 12. Chini ya 8 ni upungufu mkali.

Wangu anakula mchicha na maharage kila siku, lakini kapimwa damu iko chini. Imekuwaje?

Kuwemo kwenye sahani si kuingia kwenye damu. Chuma cha nyama, maini, bandama, kuku na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha mchicha, matembele, maharage, kunde na nafaka hufyonzwa kidogo tu, kwa sababu mimea ina vitu vinavyokishika kisipite kwenye utumbo. Mama aliyepika mchicha hakukosea hata kidogo, ila mchicha unahitaji msaidizi.

Wasaidizi ni wawili. Wa kwanza ni vitamini C: ndimu, limau, chungwa, embe, papai, na pera, ambalo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa na wengi tunaliacha lioze chini ya mti. Liliwe pamoja na chakula hichohicho, si jioni. Ndimu ikamuliwe mezani chakula kikishaiva, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Msaidizi wa pili ni kitoweo chenyewe. Nyama au samaki kidogo tu ndani ya maharage huleta chuma chake na pia husaidia kile cha maharage kufyonzwa. Ndiyo maana huwa nawashauri wenye kipato kidogo wasahau kilo ya nyama ya Jumapili. Bora dagaa kidogo kila siku, hata wakisagwa na kuchanganywa kwenye mboga kwa mtoto asiyependa kuviona vichwa vyao.

Na chai?

Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Chai ya rangi ina tanini zinazozuia sana ufyonzwaji wa chuma cha mimea, na maziwa nayo huzuia kwa kiasi. Mtoto akinywa chai pamoja na maharage, sehemu kubwa ya chuma kile inapita tu. Chai inywewe peke yake, angalau saa moja mbali na mlo. Kahawa ni vilevile.

Tunamnywesha uji wa lishe wa nafaka nane. Hautoshi?

Wingi wa nafaka si sifa. Nafaka na soya zina fitati, nayo hushika chuma, kwa hiyo ukirundika nafaka unarundika na kizuizi. Bora ulezi au mahindi yaliyoloweshwa, yakaoteshwa kimea au uji ukachachushwa kama walivyofanya bibi zetu. Njia hizo hupunguza fitati. Uji wa ndimu, ukwaju au unga wa ubuyu (ule mweupe, siyo wa kupakwa rangi na sukari) unamfaa mtoto huyu kuliko uji wa maziwa.

Soda nyekundu na juisi ya biti ruti zinaongeza damu?

Soda, hapana. Rangi ya kinywaji haigeuki kuwa damu. Biti ruti ni chakula kizuri, lakini chuma chake ni kidogo.

Shule yetu inapika makande tu. Tufanye nini?

Makande si mabaya. Maharage na mahindi yaloweshwe usiku, maji yale yamwagwe. Dagaa waliosagwa watiwe sufuriani mwishoni. Msimu wa machungwa au mapera, kila mtoto apate kipande baada ya kula. Shule yenye eneo ipande mipera na matembele, na kamati iulize kama unga unaonunuliwa umeongezwa virutubishi, maana wa mashine ya mtaani mara nyingi hauna.

Anakula vizuri na bado damu inashuka.

Basi tafuta inapopotelea. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu peku, hujishika kwenye utumbo na kunyonya damu. Pemba, katika miaka ya 1990, watafiti waliowapima wanafunzi waliona safura ni chanzo kikubwa cha upungufu wa chuma. Kwa hiyo kidonge cha minyoo cha shuleni kimezwe, viatu vivaliwe, choo kitumike. Malaria, kichocho na selimundu (siko seli) nazo hushusha damu, na chakula peke yake hakiziponyi. Msichana aliyevunja ungo anahitaji chuma zaidi. Akipata hedhi nyingi au ya siku nyingi, aonane na mhudumu wa afya.

Si rahisi ninunue tu vidonge vya kuongeza damu?

Usinunue kabla ya kipimo. Pemba hiyohiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka mitatu waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, katika eneo lenye malaria nyingi, walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Mwenye selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu, asipewe bila daktari kusema.

Akiandikiwa, amalize dozi hata akichangamka mapema, kwa kuwa akiba huchukua miezi kujaa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Vifungie vidonge mbali na wadogo zake: mtoto mdogo akimeza vingi ni sumu inayoweza kuua, akimbizwe hospitali palepale hata kama anaonekana mzima.