Wikendi ya Bei Rahisi Lisbon: Tuliyoambiwa na Tuliyoyakuta

Shoga yangu anakaa Leicester, mimi nakaa Cologne. Tulisoma pamoja Mombasa, na tangu tuhamie huku tumekuwa tukionana kwenye simu tu. Usiku mmoja akanitumia picha ya tiketi ya euro 19, Februari, kwenda Lisbon. Kabla hatujalipa, kila mtu alikuwa na la kutushauri: kaka zetu, binamu, jirani aliyewahi kupita Ureno miaka kumi iliyopita. Mengi ya waliyosema yalikuwa nusu kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayomaliza pesa.

"Ukiwa na karatasi za Uingereza, Ulaya yote ni yako"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalofanya watu warudishwe kutoka uwanja wa ndege. Uingereza haikuwahi kuwamo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, hata zamani ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi London, hata kama kibali chake ni cha kudumu, anaomba viza ya Schengen sawa na aliyeko Nairobi. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Unatakiwa uwe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua siku 15, kwa hiyo tiketi ya "ondoka wiki ijayo" haimhusu mtu huyu.

Basi ile euro 19 ya shoga yangu ilishavuka mia kabla hajafunga begi.

Mimi wa Ujerumani nilikuwa na nafuu: mwenye kibali cha kukaa nchi moja ya Schengen hutembea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, bila viza. Lakini hapa napo pana kosa. Watu hubeba kadi ya ukaazi tu, wakidhani inatosha kwa kuwa mipakani hakuna askari. Kadi na pasipoti huenda pamoja. Tena mashirika mengine ya ndege za bei nafuu huwataka wasio raia wa Umoja wa Ulaya wapite kaunta kuonyesha hati, hata kama wameshajisajili kwenye simu. Fika mapema.

"Tiketi ndiyo gharama kubwa, mengine ni madogo madogo"

Kinyume chake. Tiketi ya bei hiyo inakupa kiti na kibegi cha kuingia chini ya kiti cha mbele, basi. Ryanair wanataka kisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. EasyJet wana ukarimu kidogo, 45 kwa 36 kwa 20. Begi lenye magurudumu la kuweka juu hulipiwa, na ukilileta mlangoni bila kulilipia utalipa zaidi ya tiketi yenyewe. Nilivaa koti mbili na kutia chaja mifukoni. Sikupendeza, lakini nilipita.

Halafu tazama saa ya ndege. Ndege ya saa kumi na mbili alfajiri huwa ya bei ya chini kabisa, na sababu yake utaijua ukifika. Metro ya Lisbon, treni ya chini ya ardhi, hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa saba usiku. Ukiwa na ndege ya alfajiri, metro bado imelala. Unaita teksi, au unalala uwanjani. Tulichukua ya mchana, ghali kwa euro chache, tukashuka stesheni ya Aeroporto kwa nauli isiyofika euro 2 kila mmoja. Uwanja uko ndani ya jiji, mstari mwekundu unaanzia pale pale, na hilo ni jambo la kushukuru: uwanja wa Frankfurt-Hahn uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt yenyewe.

"Bwenini ndiko rahisi"

Kwa mtu mmoja, ndiyo. Mkiwa wawili, piga hesabu ya vitanda viwili vya bwenini, kisha tazama chumba kidogo cha watu wawili. Kwetu tofauti ilikuwa ndogo, tukachukua chumba chenye mlango wa kufunga. Bei inayoonekana kwenye programu ya simu huenda isiwe na kodi ya watalii: Lisbon hutoza euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, tangu Septemba 2024. Wawili kwa usiku mbili ni euro 16, na mara nyingi hudaiwa mapokezini.

"Ureno ni joto, usibebe mazito"

Nje, mchana, jua likiwaka, kweli. Hakuna theluji. Lakini nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto kama wa Ujerumani, na Februari mvua hunyesha. Chumba chetu kilikuwa baridi kuliko barabara. Tulilala na soksi, koti na leso mbili tulizojifunika juu ya blanketi. Na viatu: njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vinang'aa kwa kukanyagwa, na vikilowa huteleza kama sahani yenye mafuta.

"Usipopanda tramu 28 hujafika Lisbon"

Hili tuliambiwa na kila mtu bila kukosa. Tramu 28 ni kigari kidogo cha reli cha manjano cha muundo wa miaka ya 1930, kinachopanda vilima kutoka Martim Moniz hadi Campo de Ourique kikipita mitaa ya Alfama na Graça. Ni kizuri, sikatai. Tulisimama kwenye foleni dakika arobaini. Mbili zikapita zimejaa. Kilichotupata ndani ni kubanwa, na wachomoaji mifukoni wanajua kubanwa huko kuliko yeyote. Shoga yangu alikuwa amezifunga pesa zetu kwenye pindo la leso, kiunoni, ndani ya koti, kama alivyofanya nyanya yake akienda sokoni Kongowea. Mwanamume mmoja nyuma yetu alishuka bila pochi. Sisi tulishuka na pindo letu.

Ukilipa kwa dereva ni zaidi ya euro 3. Ukinunua kadi ya navegante kwa senti 50 na kuitia salio, nauli ni karibu nusu. Kila mtu na kadi yake. Kadi moja haipitishi wawili, ingawa kuna aliyetuapia kuwa inapitisha. Tiketi ya siku nzima, kama euro 7, hujilipa tu ukipanda mara nne au tano kwa siku, na mji wenyewe ni wa kutembea.

Vilima ndivyo hutisha watu wakakimbilia tramu na lifti za kulipia. Lakini kuna ngazi za umeme ndani ya stesheni ya Baixa-Chiado zinazokutoa bondeni hadi juu Chiado bila kupita geti la tiketi. Kuna lifti ya bure kutoka Rua dos Fanqueiros, inayokutoa Rua da Madalena, na nyingine mbele kidogo katika jengo lililokuwa soko la Chão do Loureiro. Ukitoka hapo uko karibu na ngome ya zamani ya jiji. Wazee wa mtaa huzipanda na mifuko ya mboga, tuliwafuata wao. Watalii tuliwaacha kwenye foleni.

"Mkate na zeituni mezani ni karibu mgeni"

Sisi wa Pwani tukiwekewa sahani hatuulizi bei. Mhudumu alileta mkate, siagi, zeituni na jibini dogo kabla hatujaagiza chochote, nasi tukasema asante, tukala. Bili ikaja na mstari wake: couvert. Si wizi, ni desturi yao, na bei yake iko kwenye menyu kwa wanaosoma menyu. Sheria ya Ureno, ya mwaka 2015, inasema mteja hatozwi kitu ambacho hakukiagiza wala hakukigusa. Kwa hiyo usipokitaka, kirudishe kabla mkono haujafika kwenye zeituni. Kesho yake tulikirudisha. Yule mhudumu hakununa hata kidogo.

Tuliambiwa pia kwamba kwa Muislamu Ureno haina shida, kwa kuwa wanakula samaki. Samaki wapo tele, lakini caldo verde, supu ya majani unayodhani haina neno, huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Bifana, ule mkate wa nyama wa bei ya chini, ni nguruwe pia. Tulikula mtaa wa Benformoso, nyuma ya Martim Moniz, kwenye mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani, tukashiba kwa pesa ndogo. Na kwenye vioo vya migahawa ya keki tukakuta kitu cha pembe tatu kinaitwa chamuça. Sambusa! Ilikuja na watu wa Goa na Msumbiji, ikakaa.

"Belém ni mambo yao, sisi hayatuhusu"

Mimi ndiye niliyesema hivi. Nilikosea. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, mtaani Belém, ambako huingiwa bure (tiketi ni ya ua wa ndani), amelala Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa Aprili 1498, akatoka hapo kwa wasiwasi na kupata mwongozaji wa bahari Malindi. Alifia Kochi, India, mwaka 1524. Tulisimama mbele ya lile kaburi la mawe, watoto wa mji ambao Wareno waliuchoma mwaka 1505 kisha wakaujengea Fort Jesus kuanzia 1593, hatukujua tufanye uso gani.

Nje kulikuwa na kibao: igreja. Kanisa. Neno hilo lilipofika kwetu likawa gereza: kwanza ngome, kisha jela. Baada ya hapo hatukuacha mchezo huo. Mesa, meza. Bandeira, bendera. Vinho, mvinyo. Na dukani karibu na Rossio, vitambaa vya kichwa vimening'inizwa, vimeandikwa lenços. Shoga yangu akalishika pindo la leso yake akacheka mpaka muuzaji akaja kuuliza kama tunanunua.

"Marafiki wa kweli hawahesabiani"

Wanahesabiana, na mapema ni bora. Siku ya kwanza tulitoa euro 70 kila mmoja, tukazitia pindoni: chakula, nauli, kahawa, vyote vikitoka humo. Anayetaka kitu chake pekee anatoa mfukoni mwake. Kwa njia hiyo hakuna aliyelipa mara tatu akinyamaza. Tulikosana mara moja tu, kuhusu mwendo: yeye huamka saa kumi na mbili, mimi saa nne. Jumapili asubuhi alikwenda peke yake kutazama mto kutoka Graça, nami nikalala.

Mchana tulipanda feri kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, dakika kumi, kwa kadi zile zile. Likoni, nikasema, ila Likoni mwenda kwa miguu halipi. Pindoni zilikuwa zimebaki euro 3 na senti arobaini. Akafungua fundo kwa meno, tukanunua pastel de nata mbili, vile vikeki vyao vya mayai na maziwa, ng'ambo ya pili, na senti zilizosalia akazifunga tena.