Mtoto ale nini na acheze kiasi gani skuli? Maswali ya wazazi na walimu wa Unguja na Pemba

Kuna ubaya gani mtoto akinunua badia, chipsi na juisi langoni mwa skuli?

Akila mara mojamoja hakuna neno. Madhara huja pale vitu hivyo vinapokuwa ndio mlo wake wa kila siku, hasa akiwa ametoka nyumbani bila kunywa chai. Badia za kunde zina asili njema, ila huharibiwa na mafuta yaliyorudiwa kukaangia na chumvi iliyozidi. Sukari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, hiyo ni gramu 40, au gramu 20 kwa kiwango kilicho bora, ilhali chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30, yaani kama vijiko 7 vya chai.

Basi wauzaji wafukuzwe?

Hapana. Wengi wao ni majirani na wazazi wa watoto hao hao, na wakiondolewa langoni watauza kwenye kona ya pili. Kamati ya skuli ikae nao wakubaliane juu ya vinavyouzwa: muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi, njugu, machungwa yaliyomenywa, mapapai, na maembe msimu wake unapofika, vyote vikiwa vimefunikwa visiingiwe na nzi. Skuli nayo iweke maji safi ya kunywa na mahali pa kukoshea mikono kwa sabuni, kwa kuwa mtoto mwenye kiu asipoona maji atanunua juisi ya rangi, na hatuwezi kumlaumu.

Mwanangu ni mwembamba na huchoka upesi. Si afadhali ale chochote?

Wembamba na uchovu vinaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, nao hauondoki kwa kushiba tu. Apelekwe kituo cha afya apimwe, kwa sababu safura na kichocho, maradhi yanayojulikana sana visiwani kwetu, humpunguzia mtoto damu, na dawa zake zipo. Nyumbani apewe dagaa, samaki, maharage, mchicha na matembele, pamoja na chungwa au ndimu, ambayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo, kwa hiyo ni vyema mtoto aliyepungukiwa damu anywe maji au uji wakati wa kula.

Acheze kwa muda gani, na ikiwa skuli haina uwanja?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za harakati zinazowafanya waheme. Si lazima dakika hizo zipatikane kwa mkupuo mmoja: kwenda skuli kwa miguu, nage, kuruka kamba na kukimbizana wakati wa mapumziko vyote vinahesabiwa, na ua mdogo unatosha. Kuogelea baharini chini ya uangalizi wa mtu mzima pia kunafaa. Ila wasioge mabwawani na katika mito, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho huishi katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Kipindi cha michezo kisichukuliwe kufidia somo jingine, wala mtoto asinyimwe mapumziko kama adhabu, kwani mara nyingi asiyetulia darasani ndiye anayehitaji zaidi kukimbia.

Na watoto wa kike?

Wanahitaji dakika hizo hizo 60. Suruali pana ndani ya sare na mtandio uliofungwa vizuri vinatosha kuwawezesha kukimbia kwa stara, na mwalimu awatengee zamu yao ya uwanja, kwani wavulana wakishautawala wasichana hubaki pembeni wakitazama.