Ubavuni mwa Jukwaa Si Stoo ya Viti Vibovu

Kila mwenye ukumbi Mombasa hunitajia idadi ya viti kabla sijauliza chochote. Juzi nimeletewa tena mchoro wa ukumbi mpya, na mwenye mradi akaweka kidole kando ya jukwaa: "Hapa panapotea bure. Tukipunguza, tunapata safu mbili zaidi za viti." Nimelisikia hili mara nyingi mno. Mimi ni meneja wa jukwaa, na kazi yangu yote hufanyikia hapo panaposemwa panapotea.

Sehemu za mbele hazina ubishi mkubwa. Pawe na sebule ya kupokelea watu, dirisha la tiketi, na vyoo vya kutosha, vya wanawake vizidi, la sivyo mapumziko yataisha foleni ikiwa bado nje. Chumba cha mafundi wa taa na sauti kikae nyuma ya watazamaji, kikilikabili jukwaa, kwa sababu fundi anapaswa kuona na kusikia kile kinachomfikia mtazamaji. Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kwa mwigizaji aliyewaelekea watu. Hayo yatosha.

Sasa ubavu. Jukwaa likiwa na uwazi wa mita 10 mbele, mimi hudai mita 5 zaidi kila upande, zilizofichwa na mapazia membamba. Watu hushtuka: jukwaa la mita 20! Ndiyo, mita 20. Kaa kwenye kiti cha mwisho kulia, safu ya kwanza, uone. Macho yako yanalikata jukwaa kimshazari hadi ndani ya ubavu wa upande wa pili. Ukuta ukiwa mita moja tu kutoka kwenye pazia, utamwona marehemu wa onyesho lililopita amesimama anakunywa maji, na mchezo wote umeshavunjika. Kuongeza mapazia hakutoshi kuponya hilo, kwa kuwa kila pazia unalolisogeza ndani linakula jukwaa lenyewe.

Tena nafasi hiyo haikai tupu hata dakika moja. Kuna meza ya vifaa, kila kifaa kimezungushiwa utepe na kuandikwa jina, ili mkono uipate barua au panga gizani bila kupapasa. Kuna kona ya kubadilishia mavazi wakati hakuna muda wa kufika chumbani. Kuna kitanda cha onyesho linalofuata, kinangoja kusukumwa. Kuna waigizaji wanane wamenyamaza, wanahesabu zamu zao. Kuna taa ndogo ya buluu, daftari langu la maelekezo, na mimi nikimwambia fundi wa taa lini azime. Halafu mlinzi wa ukumbi anakuja kunionyesha viti vilivyovunjika miguu, katoni za soda na mimbari ya mkutano wa jana, vyote vimepangwa hapo hapo.

Nyuma kabisa panatakiwa njia ya kuvukia, ili aliyetoka jukwaani kwa kulia aweze kuingilia kushoto bila kuonekana. Vikundi vinavyoigiza vitabu teule kwa wanafunzi wa sekondari wanaijua shida hii vizuri. Mahali pengi njia haipo, kwa hiyo mwigizaji hutoka mlango wa nje, akalizunguka jengo mbio, na wakati wa masika anarudi jukwaani ameroa, anaigiza mfalme aliyekuwa amelala ndani.

Kuna jambo zito zaidi. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, cheche za taa zilishika pazia huko jukwaani. Pazia la kuzuia moto likakwama kabla ya kufika chini, na milango mingi ya kutokea ilikuwa imefungwa au haikujulikana kufunguliwa. Walikufa watu zaidi ya 600. Moto wa ukumbi wa maigizo mara nyingi huanzia nyuma, kwenye nyaya, vitambaa na mbao. Kila kiti kibovu kilichoegemezwa kwenye mlango wa nyuma kinaziba njia ya mtu kuokoka, na hapo huwa sibembelezi.

Juu ya jukwaa sitakaa sana. Ni kumbi zetu chache tu zenye kimo cha kupandishia mandhari, yaani mapazia yaliyochorwa ya nyuma ya waigizaji, na penye kamba na kapi, chumvi ya bahari hula vyuma upesi. Vikaguliwe mara kwa mara. Vyumba vya kuvalia viwe vya wanawake mbali na vya wanaume, viwe na maji, na mwigizaji avifikie bila kupita katikati ya watazamaji. Kwa hapa kwetu naongeza mahali pa kutawadha na kuswali, kwa sababu maandalizi ya onyesho la saa moja usiku huikuta Magharibi.

Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu vya fani yangu havijanishawishi. Vinafundisha kwamba mstari wa mbele wa jukwaa ni mpaka, mtazamaji asiuvuke. Katika ukumbi wa opera wa Bayreuth, Ujerumani, tangu 1876, hata wanamuziki wamefichwa shimoni chini ya jukwaa. Mlete mwandishi wa vitabu hivyo kwenye taarab! Mpiga udi na mpiga kanuni, ala zetu za nyuzi, lazima waonekane, na mama anayetaka kumtunza mwimbaji atapanda na noti yake mkononi, acheze kidogo, ateremke. Ukimzuia umeua shughuli. Nimejaribu ngazi za pembeni, zikaleta msongamano pale pale waigizaji wanapopitia. Siku hizi naomba ngazi pana katikati, mbele, na bado sina uhakika nazo, kwa sababu kwenye mchezo wa kuigiza ngazi hizo humvuta kila mtoto aliye safu ya kwanza. Labda ziwe za kuondoleka. Kama ni za kuondoleka, zitahitaji mahali pa kuwekwa, na mahali penyewe ni ubavuni.